Sura ya Sita: Jiwe Lisiloanikwa Juani

Babu yangu alikuwa na redio moja ya mawe sita, na kazi ya kuyaanika mawe hayo ilikuwa yangu. Redio ilikaa juu ya kabati, imevikwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kugusa kitufe chake. Lakini sauti ya mtangazaji ikianza kukwaruza na kuzama, babu aliyatoa mawe, akayafuta kwa kipande cha kanga kuukuu, akaniita. Niliyapanga juu ya bati la banda la kuku asubuhi, nikayageuza adhuhuri kama mtu anayegeuza makopa ya muhogo, nikayaanua kabla ya mpira kuanza.

"Yamekubali?"

"Bado ya moto, babu."

"Ndiyo vizuri. Lete hivyohivyo."

Na kweli yalikubali. Yalitupa kipindi cha kwanza chote, na siku za bahati yalifika mpaka dakika za majeruhi kabla ya mtangazaji kukata kauli katikati ya shambulizi.

Siwacheki wazee wale. Walichofanya kilikuwa na akili ndani yake, na nitaeleza kwa nini. Shida ni kwamba jiwe la babu silo jiwe unalotia leo kwenye rimoti ya king'amuzi. Umbo ni moja, ukubwa mmoja, volti moja na nusu ileile, na yote mawili huingia kwenye tundu moja bila kusukumana. Ndani ni viumbe wawili tofauti. Na ujuzi wetu wote wa nyumbani kuhusu betri, kuanika, kung'ata, kutoboa msumari, kuchanganya kuukuu na mpya, kuponda weusi wake tupake ubao wa darasani, tulifundishwa na lile la kwanza.

Lile la kwanza lina nasaba ndefu. Mfaransa Georges Leclanché alilitengeneza 1866 ndani ya chupa ya kioo yenye majimaji. Miaka 20 baadaye Mjerumani Carl Gassner akayafanya majimaji yale kuwa uji mzito, ndipo betri ikaweza kubebwa bila kumwagika. Kopo lake lenyewe ni zinki. Katikati kuna kijiti cha kaboni, kile cheusi tulichochorea kuta za watu. Baina ya kopo na kijiti kuna unga wa oksidi ya manganizi uliolowana na chumvi ya amonia au ya zinki. Afrika Mashariki jiwe hili lilikuwa mwenyeji kabisa: Dar es Salaam tulikuwa na kiwanda cha betri za National, na Nakuru kulikuwa na kiwanda cha Eveready, yule paka anayeruka katikati ya tarakimu tisa, hadi kilipofungwa 2014.

Ukilianika jiwe la namna hii, joto huichangamsha kemia yake na umeme hupita kwa wepesi kidogo. Pia unakuwa umelipumzisha, na mapumziko yanasaidia kwa sababu betri hii ikikamuliwa mfululizo hujisonga yenyewe: mabaki ya kazi yake hurundikana kuzunguka kijiti na kuziba njia. Jua halikutia nguvu yoyote mpya. Ni kama tui la pili: nazi ni ileile, umeongeza maji ya moto na kukamua tena kilichokuwamo.

Kiumbe wa pili alizaliwa kwenye maabara ya Parma, jimbo la Ohio, Marekani. Kampuni ya Union Carbide ilimhamishia huko Mkanada mmoja, Lewis Urry, mwaka 1955, ikamwagiza aongeze uhai wa betri ya kaboni. Urry aliitazama, akaona ni heri kuanza upya. Jambo kubwa alilofanya lilikuwa kuisaga zinki. Badala ya kopo gumu, zinki ikawa unga ndani ya utelezi mzito, na unga una uso mkubwa wa kufanyia kazi kuliko kopo. Ili kumshawishi mkubwa wake alinunua vigari viwili vya watoto, akatia betri yake kwenye kimoja na betri ya kaboni kwenye kingine, akaviachia sakafuni kwenye bwalo la chakula. Kimoja kilichoka mapema. Kingine kiliendelea kwenda na kurudi hadi watu wakaacha kula. Betri hizo, ndizo tunazoziita za alkalaini, ziliingia sokoni 1959, na hataza yake ilitolewa 1960.

Ukiikata betri ya Urry, na tafadhali usiikate, utaona imepinduliwa kama shati lililovaliwa ndani nje. Zinki iko katikati, manganizi imeshindiliwa ukutani, na kopo la nje ni la chuma ambalo haliliwi na kazi ya betri. Ndiyo maana hudumu. Lakini kinacholowanisha vyote hivyo si chumvi tena. Ni alkali, haidroksidi ya potasiamu, asilimia 30 hadi 40 ya maji yale kwa uzito. Jina ni refu, ila ukoo wake unaujua. Wapika sabuni wanamfahamu ndugu yake wa tumbo moja, kostiki soda, wanayempima wakiwa wamevaa glavu na kugeuza uso. Bibi zetu walimjua binamu yake mpole kwenye maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Ni kitu kinachogeuza mafuta kuwa sabuni, na hakichagui mafuta ya nani.

Hili nilijifunza kwa kidole changu.

Mwaka jana mashine ya presha ya mama ilizima. Ilikuwa imekaa kabatini miezi kadhaa, kwa kuwa mama hupima presha pale tu anapokuwa na hasira na mtu. Nilifungua kifuniko cha nyuma nikakuta betri 4 ndogo, mbili kati yake zimeota kitu cheupe, kikavu, chenye manyoya kama ukungu wa mkate. Nikafanya ambacho wengi wangefanya: nikakikwangua kwa kidole. Mikono ilikuwa na jasho. Kidole kikaanza kuteleza, kama nimeshika kipande cha sabuni kilicholoa. Nikakifuta kwenye kanga, kikaendelea kuteleza. Nikaichukua mashine nikaenda kwa fundi redio, mzee aliye chini ya mwarobaini karibu na stendi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nini hiyo? Mh. Umeigusa?"

"Kidogo tu."

"Kanawe kwanza. Ndoo ile pale. Nawa mpaka kidole kiache kuteleza, ndipo uje tuzungumze."

Sijapata kusikia kipimo bora kuliko hicho, na nimesoma maandishi mengi ya wataalamu tangu siku ile. Kuteleza kwenyewe ndiyo dalili. Mafuta ya ngozi yako yanakutana na alkali, yanakuwa sabuni, na malighafi ni wewe. Mara nyingi haiumi mwanzoni, ndiyo hatari yake; asidi hukupigia kelele mapema, alkali huanza kimyakimya. Maji mengi yanayotiririka ndiyo dawa. Ukinawa mara moja na kuridhika, ukajifuta jicho dakika tano baadaye, utakuwa umehamisha tatizo kutoka mahali pa kidole kwenda mahali pa hospitali.

Nilirudi nikamwambia betri zimemwaga asidi. Mzee akatikisa kichwa. "Asidi ni ya gari. Hii ni kinyume chake." Na hapa nisimame kidogo, maana neno hili moja limetugharimu. Karibu kila mtu husema betri imetoa asidi, kwa kuwa tumezoea betri ya gari, ambayo kweli ina asidi ya salfuri. Mtu anayeamini ni asidi huenda jikoni kuchukua magadi soda aiue. Kwenye betri ya gari angekuwa sahihi. Kwenye betri ya alkalaini anapeleka alkali ikasalimie alkali, na hakuna kinachotokea ila uchafu kuongezeka.

Fundi alivaa miwani yake, ya kusomea lakini miwani. Akazitoa betri kwa kitambaa, moja iliyokwama akaichokonoa kwa kijiti cha mti badala ya bisibisi, ili asiunganishe ncha mbili kwa bahati mbaya. Akakata ndimu, akachovya kijiti cha pamba, akagusa ule ukungu kwenye springi. Povu likapanda, na ukisogeza sikio ulisikia: shiii.

"Ikilia hivyo, alkalaini hiyo," akasema. "Haya mawe ya kaboni hayalii."

Maelezo yake ni mepesi. Alkali ikitoka nje hufyonza kaboni dioksidi iliyomo hewani na kuganda kuwa kaboneti ya potasiamu, ndio ule weupe. Ndimu au siki ikiigusa huifungua ile gesi tena, na povu ni gesi inayokimbia. Betri ya kaboni ikivuja, uchafu wake huwa na uasidi kidogo, hivyo haina sababu ya kutoa povu kwenye ndimu. Hiyo ndiyo inayofaa kufutwa kwa maji yenye magadi soda. Mzee alirudia kuchovya na kufuta hadi povu likakoma, akapitisha kitambaa chenye maji kidogo, akasugua springi kwa msasa mpaka chuma king'ae, akaiacha mashine wazi ikauke. Alinikataza kupuliza ule unga. Ni watu wangapi wanaofungua tochi iliyovuja na jambo la kwanza wanalofanya ni kuinamia na kupuliza? Unga unaruka, na kilicho karibu zaidi na midomo yako ni macho yako.

Jicho lina sheria yake. Asidi ikiingia jichoni mara nyingi hugandisha nyama ya juu, na ule mgando unaweka ukuta kiasi. Alkali haijengi ukuta; inayeyusha na kuendelea ndani. Kwa hiyo ni maji safi, papo hapo, dakika 15 kwa uchache, kope zimefunguliwa kwa vidole, kichwa kimelazwa upande wa jicho lililoingiwa ili maji yasipite kwenye lile lililo salama, kisha hospitali hata kama maumivu yametulia. Maji tu. Wapo watakaokuletea maziwa, wapo watakaokumbuka kwamba ndimu inaua alkali. Ndimu ni ya springi.

Sasa, kwa nini betri ambayo haikuchokozwa na mtu, imelala kabatini, ivuje? Kwa sababu haikulala. Zinki ikiwa ndani ya alkali hutoa hewa ya haidrojeni polepole, usiku na mchana, itumike isitumike. Kiwandani wanajua. Mdomo wa betri, upande wa hasi, umezibwa kwa plastiki yenye sehemu nyembamba iliyowekwa makusudi ili ipasuke kwanza msukumo ukizidi. Kuvuja, kwa hiyo, ni mlango wa dharura. Bila mlango huo lingepasuka kopo lenyewe. Zamani walituliza gesi hiyo kwa zebaki. Sheria ya Marekani ya 1996 na zile za Ulaya za miaka hiyohiyo ziliiondoa, hivyo yule jirani anayekuonya kuhusu zebaki ndani ya betri ya rimoti amechelewa kama miaka 30, ingawa nia yake ni njema.

Gesi huongezwa na joto. Hapo ndipo desturi ya babu inapogeuka. Anika betri ya alkalaini juu ya bati la Korogwe saa saba mchana na umeiharakisha kazi ileile inayoijaza gesi. Inaweza kukupa dakika chache za sauti. Inaweza pia kukupa ukungu mweupe ndani ya redio wiki ijayo, na utamlaumu muuza duka.

Joto si adui wa kwanza, lakini. Wa kwanza ni mchanganyiko. Nyumba nyingi zina ile droo yenye betri za umri mbalimbali, na tochi ikififia tunatoa moja, tunatia moja, tunatikisa, tunajaribu. Fikiria vijana watatu wanaosukuma mkokoteni wakiwa wamefungwa kamba moja. Mmoja akizimia, wenzake hawasimami, wanamburuta. Ndivyo betri mbili mpya zinavyoifanyia kuukuu iliyo katikati yao: umeme wao unapita kwa nguvu ndani yake ingawa imekwisha, unaigeuza hadi chanya yake inakuwa hasi, na gesi inamwagika kwa kasi ambayo mlango wa dharura haukuzoea. Tochi bado inawaka wakati haya yanatokea, na hilo ndilo linalotudanganya. Badilisha zote kwa pamoja, za aina moja, na kifaa kinachokaa wiki nyingi bila kutumika kitolewe betri zake. Wale wajomba waliopanga mawe 10 machakavu ndani ya mwanzi na kuyafunga kwa mpira wa baiskeli ili redio iseme walifanya mchanganyiko huohuo. Mawe yale yalitoa maji meusi, wakafuta kwa kitambaa, wakasahau. Ya leo hayafutiki hivyo.

Kung'ata nako kuna maelezo. Kopo la zinki ni laini, meno huliminya, vilivyomo husogeleana na betri hupata pumzi. Kopo la alkalaini ni chuma. Litakaloumia kwanza ni jino, na ukifanikiwa kulibonyeza karibu na mdomo wa plastiki, umefungua kostiki ndani ya kinywa. Akifanya hivyo mtoto, asukutuliwe kinywa kwa maji mengi, apelekwe hospitali, na asilazimishwe kutapika, maana kitakachorudi kitapita palepale kilipounguza. Msumari na maji ya chumvi sitavieleza. Chombo chenye alkali na gesi iliyobanwa hakihitaji msumari.

Kisha ubao. Msomaji wa umri wangu anakumbuka Ijumaa za kuja na mawe mabovu shuleni, tukayapasua kwa jiwe halisi, tukachanganya weusi wake na mkaa na majani yaliyopondwa, tukapaka ubao uliopauka. Tulirudi nyumbani weusi mpaka ndani ya pua. Vumbi la manganizi likivutwa kwa miaka huharibu neva. Daktari Mskoti, Couper, aliandika tangu 1837 juu ya wasagaji wa madini hayo waliokuwa wakiyumba miguu. Ijumaa mbili kwa muhula hazikutufikisha huko, sidhani. Ila weusi wa betri ya alkalaini haukukauka kwenye chumvi. Umelowana na ile alkali, na mtoto atakayeuchanganya kwa viganja atapaka ubao kwa ngozi yake.

Basi utazitofautishaje, ikiwa zote zimevaa jezi za rangi kali? Soma herufi ndogo. Betri ndogo ya kawaida ya kaboni huandikwa R6. Ya alkalaini huandikwa LR6. Ile nyembamba ya rimoti ni R03 na LR03, ile kubwa ya babu ni R20 na LR20. Herufi L mbele ndiyo inayokuonya. Usihadaike na maneno "Heavy Duty" yaliyoandikwa kwa kishindo. Kwa kawaida hayo huwa juu ya betri ya kaboni, ile nyonge. Hata mkono unajua: ya alkalaini ni nzito zaidi, gramu 23 hivi kwa ile ndogo. Na kuna mchezo mmoja ninaoupenda. Inyanyue betri ya alkalaini sentimita chache juu ya meza ngumu, iachie isimame wima, upande bapa ukiwa chini. Mpya hutua kwa kishindo kizito na kubaki. Iliyotumika hudunda. Ule utelezi wa zinki unapotumika hugeuka oksidi na kushikamana, na betri inakuwa kama mpira. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton waliupima mdundo huo, wakaonyesha 2015 kwamba huanza mapema, betri ikiwa bado na nguvu nyingi. Kwa hiyo kudunda hakusemi imekufa. Kunasema haijatoka dukani leo, na hiyo inatosha ukiwa unanunua kwa mtu anayekuapia kwamba ni mpya.

Kuchaji nitakupitia haraka: betri isiyoandikwa kwamba inachajiwa haichajiwi, si kwa chaja ya kununua wala kwa waya wa simu uliochunwa. Inajaa gesi, inavuja, huweza kupasuka.

Ile ya mraba, ya volti 9, inastahili onyo lake peke yake, maana ni ndogo sita zilizofungwa pamoja na ncha zake zote mbili ziko upande mmoja, zimekaribiana kama macho. Ni betri ya maikrofoni zisizo na waya, za MC na za kwaya. Rafiki yangu anayeshughulikia vyombo vya muziki kanisani aliitia mfukoni pamoja na funguo, akaenda kukaa. Katikati ya mahubiri akainuka ghafla, na waumini waliodhani ameguswa na neno hawakukosea sana. Funguo zilikuwa zimeunganisha ncha, umeme ukawa unazunguka bila kazi, na umeme usio na kazi huzaa moto. Betri hiyo ikigusana na waya laini wa kusugulia masufuria huuwasha mara moja. Bandika kipande cha selotepu juu ya ncha zake, ikiwa mpya au imekwisha, kabla ya kuitupia kwenye droo.

Nimeacha mwisho betri ndogo kuliko zote, na ndiyo ningependa isomwe hata na aliyeruka kurasa zote za nyuma. Betri za kifungo. Nyingine ni za alkalaini, kama LR44 iliyo ndani ya kitochi cha ufunguo, kikokotoo, mwanasesere anayelia na kadi ya sikukuu inayoimba. Nyingine ni za lithiamu, kama CR2032 ya ufunguo wa gari na mzani wa jikoni, yenye upana wa milimita 20. Hii ya pili ndiyo katili zaidi, kwa sababu upana huo unatosha kukwama kwenye umio wa mtoto, na volti zake ni 3.

Watu hudhani hatari ni kuvuja. Betri mpya isiyo na tundu huunguza vilevile. Ikikwama kooni, nyama mbichi yenye mate hugusa pande zake mbili na kukamilisha njia ya umeme. Umeme huo huyachambua maji ya mwili wenyewe, na upande wa hasi alkali inazaliwa hapohapo, ndani ya mtoto, bila kutoka kwenye betri. Saa 2 zinatosha kuunguza vibaya. Kidonda huweza kuendelea kuchimba siku kadhaa baada ya betri kutolewa, kuelekea kwenye koo la hewa au mshipa mkubwa wa damu.

Na dalili ni za kawaida kabisa: mtoto anadondosha mate, anakataa chakula, anakohoa, analia akimeza. Pengine hana dalili yoyote. Mama anahesabu sarafu, anakuta moja haipo, bibi anasema ale ndizi, itatoka. Sarafu, ndiyo, mara nyingi hutoka. Lakini kwenye picha ya eksirei sarafu na betri hufanana, hadi mtu atazame ukingo: betri huonyesha pete mbili, moja ndani ya nyingine. Kama kuna uwezekano wowote kwamba ni betri, sema neno hilo mapokezi kabla ya kuulizwa jina la mtoto. Usisubiri foleni kwa adabu.

Njiani kuna jambo moja unaloweza kufanya. Mtoto aliyezidi miezi 12, anayeweza kumeza, na aliyemeza betri hiyo ndani ya saa 12 zilizopita, apewe asali vijiko 2 vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6. Asali huipaka betri na kupunguza ukali wa alkali. Haitibu, na safari isicheleweshwe hata dakika moja kwa kutafuta asali. Asitapishwe. Asipewe chakula kingine. Betri iliyoingia puani au sikioni nayo ni ya kukimbizwa hospitali. Usiitilie matone yoyote, kwani unyevu ndio inaoungoja.

Nyumbani kwangu nimepiga msasa wa maneno kwa watu wazima kuliko watoto, maana wao ndio wanaobadilisha betri ya mzani na kuiacha kuukuu mezani, kando ya kikombe.

Za kutupa? Usizitie kwenye lundo la taka linalochomwa. Hulipuka, na kinachoruka ni chuma chenye alkali. Ulaya maduka yanayoziuza hulazimika kuzipokea, na Marekani majimbo mengi huruhusu za alkalaini kwenye taka za kawaida, isipokuwa machache kama California. Sisi tuna jalala, shimo na kiberiti. Mimi huzitia kwenye chupa ya plastiki, kavu, yenye kifuniko, nikazipeleka kwa wakusanya taka za kielektroniki ninapokwenda mjini. Kabla ya hapo nilitumia kopo la maziwa ya unga, mpaka fundi aliponiuliza kopo hilo limetengenezwa kwa nini. Bati.

Mashine ya mama ilipona. Fundi alinidai elfu tatu na kuninunulisha betri 4 za pakiti moja. Jioni ile mama alifunga mkono, akanyamaza kwa heshima mashine ikinguruma, akasoma namba zake kwa sauti na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezipandisha. Nikamweleza yote: alkali, gesi, ndimu, droo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa, mwanangu. Nimekuelewa."

Asubuhi nilipokwenda kumuaga nilizikuta zile betri mbili ambazo hazikuvuja. Zilikuwa dirishani, zimepangwa vizuri, upande wa mashariki.